Gauni la pamba la rangi ya kokwa za parachichi limeota madoa: kosa ni moja au manne?

#1 Mshono wa Kando
Wakuu salaam. Naomba mawazo.

Gauni ni la pamba tupu, limeshonwa kwanza ndipo likatiwa rangi. Uzito likiwa kavu ni gramu 420. Lilifuliwa kwa maji ya moto na sabuni ya kipande kwa dakika 40. Likalala kwenye shabu (chumvi ya aluminiamu) gramu 42, yaani asilimia 10 ya uzito wake. Tanini, ule ukakasi kama wa majani ya chai, haikuwekwa, kwa hesabu kwamba kokwa zenyewe zinayo. Kokwa 20 zilikatwakatwa kwa kisu, zikachemshwa saa moja kwenye sufuria ya enameli ya lita 6, zikachujwa kwa chujio la waya. Gauni likapikwa humo saa moja kwa moto mdogo, likaachwa mpaka asubuhi.

Lilitoka waridi safi. Baada ya kufuliwa mara tatu:
a) shingoni na kwapani pamegeuka kahawia chafu inayoelekea kijivu;
b) mgongoni kuna vitone vyeusi vidogo kama vichwa vya pini;
c) kipande cha mbele kushoto kimepauka kuliko cha kulia;
d) mishono yote inaonekana myeupe.

Kosa liko wapi?

#2 Sindano Butu
Hukuweka chumvi. Rangi ya mimea bila vijiko viwili vya chumvi na kikombe cha siki lazima ikimbie. Mods fungeni uzi, kazi imekwisha.

#3 Mizani ya Gramu
Mods msifunge. #2, chumvi ina kazi yake kwenye rangi za viwandani za pamba: huisukuma rangi itoke majini iingie kwenye nyuzi. Kwenye rangi za mimea haifungi kitu. Siki nayo inabadilisha uchachu wa maji, basi. Kinachofunga ni modanti, yaani chumvi ya metali kama shabu au salfeti ya chuma, inayoshika uzi upande mmoja na rangi upande wa pili.

Sasa mleta uzi, shida yako naiona kwenye shabu. Asilimia 10 hadi 15 ya shabu peke yake inatosha kwa sufu na hariri, kwa sababu hizo ni protini na huivuta zenyewe. Pamba ni selulosi, haiitaki hivi hivi. Inatakiwa tanini kwanza, asilimia 8 hadi 10 ikiwa ni unga wa tanini, halafu shabu asilimia 15 iliyopunguzwa ukali kwa magadi soda asilimia 2. Kwa gramu 420 hiyo ni shabu gramu 63 na magadi kama gramu 8. Yeyusha kila kimoja kwenye chombo chake, kisha mimina magadi kwenye shabu polepole. Yatafura povu. Ngoja litulie ndipo utie nguo.

Shabu tupu kwenye pamba, nyingi inaondoka na maji ya suuza ya kwanza. Kupauka kumeanzia hapo.

#4 Bi Tanini
Nusu nakubali, nusu sikubali. Kokwa za parachichi zina tanini ya kutosha kupaka pamba rangi hata bila shabu. Mpangilio wake umekuwa wa kinyumenyume, shabu kwanza na tanini baadaye, na hilo linadhoofisha, ila haliwezi kufanya kushoto kupauke na kulia kubaki. Udhaifu wa shabu ungepausha gauni zima.

Angalieni sufuria. Lita 6 ndiyo ujazo mpaka ukingoni, hivyo maji yenyewe tuseme lita 5. Gramu 420 kwa lita 5 ni kama uwiano wa 1 kwa 12. Nguo iliyokwisha kushonwa inataka angalau 1 kwa 20, lita 8 na nusu, na ikiwa na marinda au mikono mipana mpe hata lita 12. Hapo lilikuwa limebanwa kama nguo kwenye begi. Upande uliokunjwa ndani haukuona rangi, na kulala usiku kucha bila kugeuzwa kukakamilisha kazi.

#5 Fundi Bobini
(d) ni rahisi: tatizo la uzi huu ni uzi. Umeshonea poliesta. Rangi za mimea zinazopikwa hivi haziingii poliesta hata uichemshe mwezi mzima. Chomoa uzi kwenye pindo uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu.

Dawa ni kushonea uzi wa pamba. Ila na wenyewe una hila: nyuzi nyingi za pamba za cherehani zimemesirishwa (zimepitishwa kwenye magadi makali) ili zing'ae, na pamba ya namna hiyo hunywa rangi kuliko kitambaa. Mshono utatoka mzito kuliko nguo. Wengine wanaupenda hivyo. Asiyeupenda atie rangi kitambaa kabla ya kukata, na uzi autie kando mpaka vilingane.

Jambo jingine: kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa. Pamba ya kufumwa inaweza kunywea mpaka asilimia 5, na moto wa sufuria ya rangi haukuulizi vipimo vyako.

#6 Sindano Butu
"Tatizo la uzi huu ni uzi." Fundi leo umeamka vizuri. Narudisha chumvi yangu kabatini.

#7 Kutu
Vitone vyeusi ni chuma, wala tusizunguke. Tanini ikikutana na chuma inakuwa nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo hivyo. Na #1 ametaja vyanzo vitatu vya chuma kwenye sentensi moja bila kujua: kisu, enameli na chujio la waya. Enameli ikibanduka mahali padogo tu, chuma cha chini kinagusana na maji yenye tanini saa nzima. Kisu kisicho cha pua kinaacha weusi kwenye kokwa unauona kwa macho. Chujio likiota kutu kwenye maungio linadondosha chembe, na chembe ikitua mgongoni unapata kitone.

Sufuria iwe ya chuma cha pua, na uikague kwa kidole, si kwa macho tu.

#8 Mlowekaji
@Kutu, chuma kilichoyeyuka kwenye maji kingefanya gauni lote liwe la kijivu, si vitone. Mimi nasema ni unga wa kokwa wenyewe. Kokwa zikichemka zinamomonyoka, chujio la waya linapitisha unga mzito, unga unatua kwenye kitambaa kilichotulia usiku kucha na kuacha doa la rangi nzito. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, acha maji yatulie nusu saa, mimina ya juu, tope la chini mwaga.

Halafu kuna moto. Kuchemsha kwa nguvu kunavuta ukahawia. Katakata kokwa, ziache zipigwe hewa mpaka ziive wekundu, kisha zipike kwa moto wa maji kutokota kwa mbali, yasichemke.

#9 Kutu
Nimesema chembe, sijasema kilichoyeyuka. Soma tena.

#10 Mlowekaji
Umesema vyote viwili, mkuu. Enameli haidondoshi chembe, inayeyusha.

#11 Kwapa Kavu
Mmemaliza mgongo, turudi (a). Shingo na kwapa: jasho, nani hajui. Jasho bichi lina uchachu kidogo, likikaa bakteria wanaligeuza kuwa la kimagadi. Ndiyo maana maabara hupima rangi ya nguo kwa jasho la aina zote mbili. Tanini inaitikia zote.

Na kwapani kuna la ziada: dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu. Hiyo ni modanti! Unajipaka modanti kila asubuhi mahali pale pale, rangi ya hapo itaachaje kubadilika?

#12 Mizani ya Gramu
Kwapani sawa. Shingoni nani anapaka dawa ya kwapa?

#13 Kwapa Kavu
Shingoni ni mafuta ya kujikinga na jua.

#14 Bi Tanini
Hapana. Aina zenye avobenzoni, kemikali ya kuzuia miale, zikikutana na maji yenye chuma zinatoa doa la rangi ya chungwa kama kutu. Mleta uzi anasema kahawia kwenda kijivu. Tusimbandike doa asilokuwa nalo.

#15 Fundi Bobini
Mnaangalia ngozi, mimi naangalia mshono. Shingo na kwapa ndipo nguo ilipo na matabaka mengi: kwapani inakutana mishono minne, shingoni kuna pindo la ndani, na kama kuna kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi, kuna gundi juu yake. Matabaka hayo hayasuuziki. Sabuni inabaki ndani, magadi yake yanakaa pale yakikauka na kulowa kila unapofua. Hata mtu asiyetoka jasho kabisa angepata doa hapo hapo.

Na swali kwa mleta uzi: nyuma ya shingo kuna kulabu au kishikizo cha chuma?

#16 Mshono wa Kando
Asanteni wote. Kulabu ipo moja, ndogo, nyuma ya shingo. Doa limezunguka shingo yote. Kitambaa cha kugandisha kipo mbele tu.

#17 Kutu
Kulabu!!!

#18 Mlowekaji
Kulabu moja haizunguki shingo, Kutu. Tulia.

Nikosoe kidogo #15. Magadi ya sabuni yanasukuma rangi ya parachichi kwenye wekundu wa udongo, hayaipeleki kwenye kijivu. Chukua kipande ulichotia rangi, kidondoshee maji ya magadi, kinawiva papo hapo. Wengine wanatia magadi kwenye sufuria makusudi ili wapate wekundu. Kwa hiyo sabuni peke yake haielezi kijivu.

#19 Fundi Bobini
Haielezi siku hiyo. Acha magadi yakae kwenye tanini, hewa ipite, jua lipige, uje uniambie kama bado ni waridi.

#20 Mizani ya Gramu
Badala ya kubishana apime. Vipimo vya dakika kumi:

Kwanza, tone la maji kwenye upande wa ndani wa pindo. Likizama papo hapo kitambaa kilitakata. Likisimama kama shanga, nta na mafuta ya pamba bado yamo, na kila kilichokuja juu yake kilikaa kwenye nta. Dakika 40 za sabuni ya kipande hazitoshi kwa pamba mpya. Inachemshwa saa moja hadi mbili na magadi soda asilimia 2 hadi 4 na sabuni kidogo isiyo na magadi. Maji yakitoka ya njano unamwaga na kurudia.

Pili, maji ya kufulia. Weka kwenye glasi, tia maji mazito ya kokwa au ya ganda la komamanga. Yakigeuka kijivu, maji yana chuma, na hakuna haja ya kutafuta kisu wala kulabu.

Tatu, tone la limao kwenye kitone cheusi. Kikififia ni chuma. Kisipofifia si chuma.

#21 Bi Tanini
La tatu lina kasoro. Limao lina uchachu na pia linashika chuma. Doa likififia hujui ni lipi limefanya kazi. Anza na siki: inabadilisha uchachu bila kukamata chuma kwa nguvu kama limao. Rangi ikirudi kwa siki, doa ni la magadi. Isiporudi kwa siki ikafifia kwa limao, hapo shuku chuma. Na ujaribu kwenye pindo kwanza, kwa sababu limao linang'oa shabu pia, utabaki na doa jeupe badala ya jeusi. Suuza haraka.

#22 Kidole cha Bluu
Yote ya nini? Zamisha gauni kwenye nili, ile rangi ya bluu ya mmea. Madoa kwisha.

#23 Bi Tanini
Nili huanza, haimalizi. Pipa la nili lina chokaa au magadi. Pamba yenye shabu ukiizamisha humo unang'oa sehemu ya shabu na waridi inakuwa matofali. Anayetaka zambarau anatia nili kwanza, anasuuza kwa siki nyepesi, ndipo anaanza tanini na shabu.

#24 Kidole cha Bluu
Kwa anayetaka zambarau nzuri, sawa. Kwa anayetaka kufunika, bluu nzito haijali matofali yaliyo chini.

Ndoo ya lita 20: nili ya unga gramu 40, chokaa iliyozimwa gramu 80, fruktozi (sukari ya matunda) gramu 120. Moja, mbili, tatu. Nili isagwe kwanza na maji ya moto kidogo kwenye chupa yenye gololi, itikiswe mpaka isibaki punje. Tia fruktozi kwenye maji ya nyuzijoto 50, kisha nili, kisha chokaa kidogo kidogo. Koroga taratibu ukizungusha upande mmoja, usipige mapovu, hewa ndiyo adui. Baada ya saa moja hivi juu kunatanda ngozi ya rangi ya shaba. Chota kwa glasi chini ya ngozi hiyo. Maji yawe ya manjano ya kahawia na yapitishe mwanga. Yakiwa ya kijani yenye ukungu, nili haijayeyuka: ongeza joto, ngoja, na uchachu ukipanda ongeza chokaa kijiko kimoja.

Nguo iingie ikiwa imelowa, taratibu, isikae na hewa mikunjoni. Dakika tano, itoke polepole ikitiririkia pembeni. Ndipo unaona: inatoka ya manjano-kijani, kingo zinaanza, kijani kinapanda, bluu inakifuata nyuma. Ipe dakika 15 hewani kabla ya kuirudisha. Mizamo mitano myepesi inashinda mmoja mzito.

#25 Sindano Butu
Na baada ya hapo unapaka bluu kiti, mkoba na kila anayekukumbatia.

#26 Kidole cha Bluu
Hapo umeona pipa la mwenye haraka. Bluu inayotoka kwa kusuguliwa ni nili iliyokaa juu bila kuingia: ama pipa halikuwa limeiva, ama nguo ilirudishwa kabla hewa haijamaliza, ama chokaa haikusuuzwa. Nili ikishaingia haina mpinzani. Vipande vya pamba vilivyofukuliwa Huaca Prieta, Peru, vina nili ya karibu miaka 6,000. Wewe gauni lako lina kufuliwa mara tatu.

#27 Mlowekaji
Kidole naye hana pa kushindwa. Hata nili iliyoingia vizuri hutoa kidogo ikisuguliwa, hasa kwenye pamba nzito. Sema hutoa kidogo, usiseme haitoi.

#28 Jua Kali
Nimechelewa. Kuhusu (c), je, kama si sufuria bali ni dirisha? Upande mmoja wa nguo ukianikwa unatazama jua kila mara, unapauka. Anikeni rangi za mimea kivulini, ndani nje.

Kipimo chake: kata utepe wa kitambaa kile kile, funika nusu kwa karatasi ngumu, bandika dirishani wiki mbili. Bizari ya manjano itakuliza. Inashika pamba bila modanti yoyote, inang'aa siku ya kwanza, na jua linaila yote. Maganda ya vitunguu kwa shabu yanavumilia zaidi, ingawa nayo yanafifia.

#29 Bi Tanini
Kuanikwa kunaweza kuleta (c) hata kabla ya rangi. Nguo yenye shabu ikianikwa ikichuruzika, shabu inashuka na maji na kukusanyika chini na kingoni. Upande wa juu unabaki maskini. Ndiyo maana ukitumia asetati ya aluminiamu, modanti nyingine, asilimia 5 hadi 8, nguo inakaushwa ikiwa imetandazwa, na mwisho inapitishwa kwenye maji ya pumba za ngano au ya chaki ili kuondoa ile isiyoshika.

#30 Sindano Butu
Chaki za ubaoni zipo nyingi, nasaga leo.

#31 Mizani ya Gramu
Usisage. Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, si kalisi kaboneti. Tumia unga wa chokaa mawe au maganda ya mayai yaliyosagwa laini kabisa. Au pumba, ndiyo rahisi.

#32 Mshono wa Kando
Nimepima kama mlivyosema.

Tone la maji lilisimama kwenye pindo, likazama baada ya kuhesabu mpaka 20. Maji ya kufulia na tanini: hayakubadilika hata kidogo. Siki: shingoni rangi imerudi kama nusu, kwapani haikurudi. Vitone vitano vilijaribiwa kwa siki kisha limao: siki haikufanya kitu, kwa limao viwili vimefifia, vitatu viko vile vile. Uzi umeyeyuka na kuacha kitone kigumu. Nguo huanikwa ndani ya nyumba, ikiwa imegeuzwa ndani nje.

#33 Kutu
Viwili vimefifia kwa limao tu. Chuma. Nimemaliza.

#34 Mlowekaji
Vitatu havijafifia. Unga wa kokwa. Na mimi nimemaliza.

#35 Fundi Bobini
Shingoni siki imerudisha. Sabuni kwenye matabaka, kama nilivyosema #15.

#36 Kwapa Kavu
Kwapani siki imeshindwa. Aluminiamu, kama nilivyosema #11.

#37 Mizani ya Gramu
Na tone la maji limesimama, kwa hiyo wote mnabishana juu ya rangi iliyokaa kwenye nta. Mleta uzi, vile vitatu vikwaruze kwa ukucha.

#38 Mshono wa Kando
Kimoja kimetoka kama unga. Viwili bado.

#39 Bi Tanini
Basi una vitone vya aina mbili, pengine tatu. Limeshatiwa rangi, huwezi kulichemsha na magadi sasa bila kupoteza waridi yote. Mimi ningekubali kijivu kiwe cha gauni zima. Salfeti ya chuma asilimia 1, gramu 4.2, iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu lita 10 ndani ya ndoo ya plastiki. Gauni lilowe kwanza, liingie, ligeuzwe bila kusimama dakika 5 hadi 10, litoke likiwa bado jepesi kuliko unavyotaka, maana linaendelea kuiva hewani. Usizidishe asilimia 2, chuma kikizidi kinaila pamba yenyewe baada ya muda. Ndoo hiyo isirudi kwenye rangi angavu tena.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha pindo la ndani. Mishono itabaki myeupe, hiyo mpelekee Fundi.

#40 Fundi Bobini
Mishono myeupe juu ya kijivu ni mapambo. Sema ulikusudia.

#41 Mshono wa Kando
Pindo limekatwa, kipande cha gramu 6 kimelowekwa. Nitaleta jibu.

#42 Sindano Butu
Na chumvi kidogo?

#43 Mizani ya Gramu
Hapana.